Muulize Fundi: Kona za maita zinaachia, nifanyeje?

Safari hii maswali mengi yaliyoingia ni ya visanduku vya mbao vya kona za maita, zile ambazo kila ubao unakatwa mshazari digrii 45, ukikutana na mwenzie mnapata pembe mraba na kichwa cha ubao hakionekani kabisa. Ni kona nzuri sana, mi naipenda kuliko zote kwa visanduku vidogo, ila ndo kona inayowatesa watu kuliko zote. Nimechagua maswali matano, la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu karibu kila mtu aliyeandika ana tatizo hilohilo hata kama analieleza kivingine.

Shikamoo fundi. Mimi niko Morogoro, najifunza useremala kwa mzee mmoja hapa mtaani. Nimemtengenezea mama kisanduku cha mninga cha kuwekea karatasi zake za kiwanja, urefu sentimita 34, upana 24, kimo 10, mbao unene milimita 12. Nimekata kwa maita boksi ya plastiki, kile kisanduku chenye njia za kuongozea msumeno. Kona tatu zilikaa vizuri kabisa, ya nne ikaacha nafasi, kadi ya benki inaingia, na nafasi yenyewe inalingana kuanzia nje mpaka ndani. Nikakaza kwa kamba ikaziba, nikapaka gundi, palipobaki nikajaza unga wa mbao na gundi. Baada ya mwezi kona ya nne imefunguka na nyingine mbili zimeanza kupasuka. Nimepima pembe zote ni 45. Je, ninunue mashine?

Marahaba mwanangu. Usinunue mashine kwa ajili ya hili, mashine haitakusaidia kwa sababu tatizo lako sio pembe. Na nakupongeza kwa jinsi ulivyoandika, umetaja kwamba nafasi inalingana kuanzia nje mpaka ndani, hilo neno moja limenipa jibu lote.

Iko hivi, kona ya maita ikiachia kuna namna mbili na kila moja ina chanzo chake. Ikiachia kama kabari, yaani upande mmoja imegusa upande mwingine wazi, hapo pembe ndo mbaya. Ikiachia sawasawa mwanzo mpaka mwisho, pembe ni nzuri ila urefu hauko sawa, kuna ubao mmoja ni mfupi kuliko mwenzie wa upande wa pili. Kisanduku kina jozi mbili, mbele na nyuma ni jozi, kushoto na kulia ni jozi, na hizo jozi lazima zifanane urefu kabisa kabisa, sio karibu kufanana. Kadi ya benki ina unene wa karibu robo tatu ya milimita. Ukirudisha hesabu hiyo kwenye mshazari wa 45 inakupa kama milimita moja ya urefu. Kwa hiyo una ubao mmoja mfupi kwa milimita moja, basi, hiyo ndo imekuvunjia kisanduku chote.

Sasa uliposhika kamba ukakaza, ile milimita haikupotea, ilihamia kwenye zile kona tatu nzuri, ukawa umezipindisha zote na kuziacha zinavutana zenyewe kwa zenyewe usiku na mchana, gundi imevumilia wee mwisho imechoka. Gundi nyeupe ya mbao ina nguvu sana pale mbao mbili zinapogusana kabisa, ikiwa tabaka jembamba, ila haina nguvu ya kujaza nafasi. Na unga wa mbao na gundi ni kitu cha kuziba tundu la msumari, kwenye kiungo haushiki chochote, unaficha tu. Hapa niseme wazi kwa wote, nimepita karakana nyingi pale Keko, Dar es Salaam, na kwingineko naona vijana wanakata harakaharaka wakijua fila, yaani huo ujazo wa kuzibia, itafunika, na inauma kwa sababu mninga ni mbao ya thamani, huo mti umekaa miaka mingi porini haustahili kuishia na kona ya fila.

Namna ya kuhakikisha jozi zinafanana: usipime kwa futi. Futi utaitumia kupata ubao wa kwanza tu, ule wa pili unapimwa kwa ule wa kwanza. Kwenye maita boksi yako funga kipande cha mbao kwa klampu kiwe kizuizi, ncha ya ubao inagota pale, unakata, unatoa, unaweka mwenzie unagotesha palepale unakata. Kizuizi kisiguswe mpaka jozi iishe. Na ufute vumbi la mbao kwenye kizuizi kila mara, ukiacha vumbi kidogo ubao haufiki mwisho na umeshakosa. Ukimaliza simamisha zile mbao mbili pamoja juu ya kioo au meza iliyonyooka, mgongo kwa mgongo, ncha za chini zote zimegusa kioo, halafu pitisha ukucha juu pale ncha zinapokutana. Ukucha unahisi tofauti ambayo jicho haliioni na futi haiwezi kuionyesha. Ukucha ukikwama hata kidogo, ule mrefu unarandwa mpaka ukucha upite bila kukwama.

Halafu hiyo maita boksi ya plastiki nayo tuiangalie. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya fremu za picha na urembo wa dari, unaulaza ubao unakata upana wake. Wewe wa kisanduku unahitaji mshazari kwenye unene, kwa hiyo ubao lazima usimame kwa ubavu ndani ya boksi, na kwa kimo chako cha sentimita 10 nadhani ilikuwa inachungulia juu, msumeno unakosa njia ya kuuongoza. Tena zile njia za plastiki zinaliwa na msumeno zinapanuka, baada ya muda msumeno unacheza humo ndani. Tengeneza yako ya mbao ngumu, mkongo au mvule, mbao tatu tu, sakafu na kuta mbili, yenye kina cha kutosha ubao wako. Pembe ya 45 hauhitaji kipimo cha gharama, chora mraba kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, halafu unganisha pembe kwa pembe, huo mstari ndo 45 yako. Ukitaka kuhakikisha chukua karatasi mpya ya A4, kunja kona yake mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, mkunjo huo ni 45.

Msumeno uwe wa meno madogo, ule wa mgongo wa chuma, sio ule wa kupasulia mbao za kenchi. Weka alama kwa kisu kikali badala ya penseli, kisu kinakata nyuzi za juu kwa hiyo ukingo hauchaniki, na mstari wa kisu hauna unene wa kukuchanganya ukate ndani au nje. Kata ukiacha kama nusu milimita nje ya mstari, iliyobaki imalizie kwa randa.

Na hapa kwenye kumalizia ndo pana utamu wa kazi yote. Tafuta kipande cha mbao ngumu chenye urefu unaozidi kidogo mara mbili ya upana wa ubao wako, ubavu wake mmoja ukate na kuranda mshazari wa 45 kwa uangalifu wote ulio nao, hiki ndo kiongozi chako cha miaka. Kukipima kama ni sahihi kikate katikati vipatikane viwili, kutanisha mishazari yao kisha weka guni ndani ya hiyo kona, mwanga ukipita popote rekebisha. Sasa laza kiongozi juu ya ubao wa kisanduku, mshazari kwa mshazari, vibane kwenye jiriwa au kwa klampu, halafu randa kile kinachochungulia nje ya kiongozi kwa randa iliyonolewa vizuri na kutolewa ulimi kidogo sana. Nyama ya mbao inatoka nyembamba inajikunja kama ganda la kitunguu, ikiacha kutoka ujue umefika, usiendelee kukila kiongozi. Randa kutoka ukingoni kuja katikati ili ukingo usimeguke. Uso unaopatikana hapo unang'aa, ukiushika ni laini kabisa, na uso wa namna hiyo ndo gundi inaupenda kuliko uso wa msumeno.

Kisanduku cha mama kinapona. Kwa kuwa gundi imeshachoka, gonga taratibu kutoka ndani kwa nyundo ya mpira, panapogoma weka kitambaa chenye unyevu kidogo na pasi ya moto juu yake, gundi nyeupe inalegea kwa joto na maji. Acha mbao zikauke siku kadhaa kivulini. Randa kila mshazari mpaka uone mbao tupu, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani, na unaporanda toa sawasawa kwa jozi. Halafu linganisha kila jozi, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa njia ya kioo na ukucha, ule uliozidi milimita moja upunguze ufikie mwenzie. Kisanduku kitapungua kidogo tu, mama hatajua, na karatasi ya kiwanja bado italala humo bila kukunjwa.

Sasa fundi, niko Nakuru. Niko na msumeno wa mezani, ule bledi inatokea chini na inalala. Mshale unaonyesha 45 lakini kila boksi naunda lazima kona ya mwisho ikatae, inaacha nafasi kwa nje. Hii mashine ni mbovu ama ni mimi?

Sio wewe, na mashine pia inaweza kuwa nzima tu. Ule mshale wa mashine haufai kuaminiwa, unakupeleka karibu na 45 halafu kazi ya kufika ni yako. Fikiria, kisanduku kina mikato minane, kila kona mikato miwili. Ukikosea nusu digrii kwa kila mkato, na nusu digrii huwezi kuiona kwa macho, kona tatu za kwanza utazifunga bila kujua kwa sababu unazisukuma zikae, yote nane inakuja kukusanyika kwenye kona ya mwisho, digrii nne kamili. Kwenye mbao ya milimita 12 hizo digrii nne ni nafasi ya zaidi ya milimita moja.

Kujua bledi imekosea upande gani angalia nafasi iko wapi. Ikiachia nje huku ndani imegusa, bledi haijalala vya kutosha, iko chini ya 45, na hiyo ndo yako. Ikiachia ndani huku ncha za nje zimegusana, imelala kupita kiasi. Rekebisha kwa majaribio: chukua ubao wa taka ulionyooka, kata katikati na bledi ikiwa imelala, kipande kimoja kigeuze juu chini, kutanisha mishazari, weka guni. Kosa linaonekana mara mbili hapo kwa hiyo ni rahisi kulikamata. Ukiridhika usikimbilie mbao nzuri bado, kata vijiti vinne vyembamba vya taka, viwili virefu viwili vifupi, uvifunge kwa selotepu viwe kijisanduku cha majaribio. Kona ya nne ya hicho kijisanduku ikifunga yenyewe bila kulazimishwa, sasa kata mbao yako.

Ila bro kuna jambo la usalama hapo. Bledi ikiwa imelala kuelekea ule ubao wa kuongozea, kipande kinachokatwa kinabanwa chini ya bledi na ule ubao, kinaweza kurushwa nyuma kwa nguvu kikakupiga tumboni au usoni. Usikate kwa namna hiyo kabisa. Tumia kile kibebeo kinachoteleza kwenye njia ya meza, kifunge kizuizi juu yake, na kile kipande kinachobaki kiwe huru kuanguka. Vaa miwani, na usisimame kwenye mstari wa bledi. Bledi nayo iwe ya meno mengi, ya kukatia kukingama nyuzi, meno 60 mpaka 80 kwa bledi ya inchi 10, ile ya kupasulia yenye meno machache inachana.

Habari kaka fundi. Mimi ni dada niko Tanga, natengeneza visanduku vya vipodozi kwa mbao ya mtiki kwa sababu huku inapatikana. Kona zangu zinakutana vizuri tu, mwanga haupiti, lakini gundi haishiki. Nikidondosha kisanduku kona inaachana na ukiangalia gundi imebandukia upande mmoja kama ngozi. Nimebadilisha gundi mara nyingi. Shida ni nini?

Nzuri dada yangu, na hongera kwa kazi. Mtiki wenu wa Longuza kule Muheza ni mbao ya kujivunia ila una mafuta ndani yake, mafuta hayohayo yanayoufanya usiliwe na mchwa wala kuoza upesi, ndo yanayoizuia gundi. Ukikata mtiki leo ukaja kugundisha kesho kutwa, mafuta yameshapanda juu ya uso, gundi inakauka juu ya mafuta badala ya kuingia kwenye mbao, ndo maana inabanduka kama ngozi. Kubadilisha gundi hakutasaidia, badilisha ratiba. Randa mshazari upya siku ileile ya kugundisha, futa kwa kitambaa cheupe kilicholowana asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha inafaa mradi iwe asetoni tupu isiyo na mafuta wala manukato, na thina pia inafaa. Utaona kitambaa kinatoka njano au kahawia. Geuza kitambaa futa tena mpaka kisitoke na rangi nyingi, acha dakika chache ikauke, gundisha hapohapo. Fanyia mahali penye hewa na mbali na jiko, vitu hivyo vinashika moto haraka sana.

La pili ni la mbao zote, sio mtiki peke yake. Mshazari wa 45 umekata nyuzi, yaani nusu yake ni kichwa cha ubao, na kichwa cha ubao kinakunywa gundi. Ukipaka mara moja ukafunga, gundi inanyonywa ndani inaacha kiungo kikavu. Kwa hiyo paka tabaka la kwanza jembamba kwa brashi ndogo au kidole, subiri dakika tano hivi mpaka uone imeanza kunyauka, halafu paka la pili la kawaida ufunge. Hili watu wengi wanaliruka na ndo linaleta tofauti kubwa kati ya kona inayodumu na isiyodumu.

Kufunga nako hauhitaji klampu za gharama. Panga mbao zako nne kwenye mstari mmoja juu ya meza, uso wa nje ukiwa juu, ncha kali zigusane sawasawa, zote zikae kwenye rula moja ndefu zisipande wala kushuka. Bandika selotepu ile pana ya kufungia maboksi, ivute kidogo unapobandika, kila kona vipande viwili vitatu. Sasa geuza yote kwa pamoja, mishazari inaonekana ikitazama juu, paka gundi yako, halafu kunja mbao moja baada ya nyingine mpaka ncha ya mwisho ikutane na ya kwanza, bandika na hapo. Selotepu yenyewe inavuta kona zikae. Juu yake zungusha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, mizunguko kadhaa. Kisha pima pembe kwa pembe, mshazari huu na ule, vikiwa sawa kisanduku kiko mraba, kimoja kikizidi kisukume taratibu kwenye ule mrefu. Acha siku nzima. Huko pwani kuna unyevunyevu, msimu wa mvua nyongeza muda.

Na ukitaka mteja akusifie, kata mbao nne kutoka kwenye ubao mmoja kwa mfuatano, mrefu, mfupi, mrefu, mfupi, ukizipanga kwenye selotepu kwa mfuatano uleule. Michoro ya mbao itazunguka kisanduku kona kwa kona bila kukatika, isipokuwa kona moja tu ya mwisho na hiyo unaiweka nyuma karibu na bawaba. Kwa mtiki wenye mistari myeusi hii inapendeza mno, mi naona kukata mbao nzuri bila kufuata mchoro wake ni hasara hata kama kona ni safi.

Fundi, nigonge misumari midogo kwenye kona za maita ili zisiachie? Msomaji wa Songea.

Sikushauri. Msumari unaingia karibu na ncha nyembamba ya ubao na hapo ndo pepesi kupasuka, na ukigonga kona inateleza inatoka kwenye mstari wake. Kona ya gundi peke yake inatosha kisanduku kidogo kinachokaa mezani, lakini kama kitabebwabebwa ipe nguvu kwa vipande vyembamba vya mbao. Gundi ikishakauka shika kisanduku kwa jiriwa kona ikitazama juu, kata kwa msumeno mkato unaokingama kona, uingie ndani lakini usitokeze upande wa ndani ya kisanduku, kama theluthi mbili hivi za mshazari. Randa kijibao chembamba cha unene wa mkato wa msumeno wako, kiingie kwa kusukumwa na kidole bila nyundo, paka gundi weka. Nyuzi za kijibao zipite kutoka ubao mmoja kwenda mwingine, ukiziweka zifuate mstari wa kona kitavunjika kama biskuti na hujafanya kitu. Viwili au vitatu kwa kila kona. Ikikauka kata kinachozidi na urande kutoka kwenye kona kuingia ndani ya uso, ukienda kinyume kijibao kinameguka palepale kwenye ncha. Mninga na vijibao vya mpingo, au paini na vijibao vya mninga, inakuwa urembo wenyewe. Kama una masalia ya mpingo usiyatupe hata yakiwa madogo kiasi gani.

Kuna mama ameniagiza sanduku la bibi harusi la futi nne, lenye mfuniko unaokaa sawasawa bila kuacha mstari. Mimi nilitaka nilifanye la maita. Na mfuniko nautengenezaje ufanane kabisa na chini? Niko Mbagala.

Sanduku la futi nne la kuwekea vitenge na vyombo usilifanye la maita tupu kaka. Uzito wake ni mkubwa, watu wawili watalibeba wakilivuta kwa mishikio ya ubavuni, na ubao mpana wa mbao nzima unavimba na kunywea kwa majira, kona ya 45 kwenye ubao mnene inaonyesha kila badiliko, mbao ikikauka inafunguka ndani, ikinywa unyevu inafunguka nje. Kwa sanduku kubwa tumia kiungo cha meno yanayoingiana, kile kinashika chenyewe hata kabla ya gundi, na yale masanduku ya kale ya pwani yenye urembo wa shaba mpaka leo yapo kwenye nyumba za watu kwa sababu yalipewa viungo vya kubeba mzigo. Kama mama anataka sura ya maita, mpe maita kwenye fremu ya mfuniko na kwenye urembo wa chini kuzunguka miguu.

Kuhusu mfuniko kufanana na chini, nikuonyeshe kwa kisanduku kidogo: mfuniko hautengenezwi peke yake. Unatengeneza kisanduku kilichofungwa pande zote sita, juu na chini vyote vimo, halafu unapasua mfuniko kutoka humo, kwa hiyo hauwezi kukosa kufanana. Kabla ya kufunga kona, chimba gruvu ndogo, yaani mfereji wa kuingizia ubao wa juu na wa chini, ndani ya mbao zote nne, ya juu na ya chini, milimita sita kutoka ukingoni. Ukitumia plaiwudi ipake gundi kwenye gruvu, inaongeza nguvu kwenye kona. Ukitumia mbao nzima usiweke gundi, iache ielee na uiachie nafasi ya milimita moja hadi mbili kwa upana wake, maana ikivimba masika na haina pa kwenda itasukuma kona zako zote nne mpaka ziachie, na utadhani gundi ni feki.

Kabla ya kupasua, chora mstari kuzunguka kwa kipimo kimoja kilichofungwa, usiuchore upande mmoja mmoja kwa rula. Pasua pande mbili ndefu kwanza, halafu weka vijibao vyembamba vya unene wa mkato ndani ya mkato na uvifunge kwa selotepu, ndo upasue pande fupi. Bila vijibao hivyo, mkato wa mwisho ukiisha mfuniko unashuka na kubana msumeno na kona inameguka. Ukimaliza gundisha karatasi ya msasa namba 120 kwenye kioo au meza iliyonyooka, laza kisanduku kifudifudi usugue kwa mizunguko, kisha mfuniko nao hivyohivyo, chora penseli kwenye kingo kabla ya kusugua na penseli ikifutika kote ndo umefika. Bawaba zifungwe baada ya hapo, na skrubu zake zitobolewe njia kwanza kwa keekee ya tundu dogo kwa sababu ukingo wa mbao ya milimita 12 haukuvumilii.